Stadio moja ni vara ngapi?

Mwanafunzi wangu mmoja wa uzamili, anayetafsiri kwa Kiswahili habari za mabaharia wa Uhispania, alinijia juzi na swali alilodhani ni la dakika moja. "Prof, stadio moja ya Wagiriki ni vara ngapi za Wahispania?" Nikamwambia avute kiti. Swali hilo liliwahi kuwashughulisha wafalme.

Tuanze na maneno yenyewe. Vipimo vya Wagiriki wa kale vilitoka mwilini, sawa na vya wazee wetu. Herodotus anaeleza kwamba stadio ni pima 100, na pima moja ni nyayo 6 au dhiraa 4. Nimetumia pima na dhiraa makusudi, maana ni vitu vile vile: mikono miwili iliyonyooshwa, na mkono kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Wahispania nao walikuwa na braza, codo na palmo. Walikuwa pia na pie, yaani wayo, ambao ulikuwa theluthi ya vara. Msamiati basi haumsumbui mfasiri wa Kiswahili hata kidogo. Kinachomsumbua ni kujua wayo ni wa nani.

Stadio ni nyayo 600. Ndilo neno lililotupa "stediamu", na nadhani Mgiriki wa kale angefurahi kusikia kwamba Nairobi tuna stediamu inayoitwa Nyayo. Kule Olympia uwanja wa mbio una mita 192.27. Kule Delphi ni kama mita 178. Nyayo ni 600 kote kuwili, lakini wayo wa Olympia ni mrefu zaidi. Uhispania nako kila eneo lilikuwa na vara yake, hadi mwaka 1568 Mfalme Felipe II alipoagiza vara ya Burgos ndiyo itumike. Hiyo ni sentimita 83.59. Haya, piga hesabu: stadio ya Olympia inakuwa vara 230, ya Delphi vara 213 hivi.

"Vara 17 tu?" akauliza kijana. Ndiyo, 17 tu. Lakini ngoja uone.

Mwaka 1494, kule Tordesillas, Uhispania na Ureno ziligawana bahari kwa mstari uliopaswa kupita legua 370 magharibi mwa visiwa vya Cape Verde. Mkataba haukusema legua ni urefu gani. Haukusema hata hesabu ianzie kisiwa kipi! Mwaka uliofuata, Mkatalani mmoja msomi, Jaume Ferrer, aliwaandikia Mfalme na Malkia wa Uhispania ushauri wake kuhusu mstari huo. Alifanya kile kile alichotaka mwanafunzi wangu: alibadilisha stadio kuwa legua. Alichukua mzingo wa dunia wa Eratosthenes, stadio 252,000, yaani stadio 700 kwa kila digrii. Kisha akahesabu stadio 8 kwa maili na maili 4 kwa legua. Legua yake basi ni stadio 32. Gawanya 700 kwa 32, utapata karibu legua 22 kwa digrii pale Ikweta, na pungufu kidogo kule Cape Verde kwa sababu digrii za longitudo husinyaa kadiri unavyoiacha Ikweta. Akahitimisha: legua 370 ni digrii 18.

Hesabu safi. Ila mabaharia hawakuwa wakipima bahari kwa stadio za Eratosthenes. Marubani wa Uhispania walizoea legua 17 na nusu kwa digrii. Kwa kipimo hicho, legua zile zile 370 zinakuwa digrii 22 hivi. Tofauti ni digrii nne, zaidi ya kilomita 400 za bahari na nchi za watu ambao hakuna aliyewauliza.

Na dunia ni duara, kwa hiyo ukiusogeza mstari upande mmoja, unasogea na upande wa pili pia. Huko upande wa pili kulikuwa na visiwa vya Maluku, ambavyo leo viko Indonesia, nyumbani kwa karafuu. (Ndiyo, karafuu hiyo hiyo ambayo karne tatu baadaye ingefika Unguja na Pemba.) Mwaka 1524 wataalamu wa pande mbili walikutana mpakani, kati ya Badajoz na Elvas. Hernando, mwana wa Columbus, alikuwamo. Wahispania walitaka hesabu ianzie Santo Antão, kisiwa cha magharibi kabisa, ili mstari usogee magharibi na Maluku iwaangukie wao. Wareno wakataka ianzie visiwa vya mashariki. Ubishi ukaendelea kwa majuma na watu wakatawanyika bila uamuzi.

Hatimaye, mwaka 1529 kule Zaragoza, Carlos wa Tano aliwauzia Wareno madai yake kwa dukati 350,000. Mstari mpya uliwekwa legua 297 na nusu mashariki mwa Maluku. Namba ya ajabu, au sivyo? Gawanya kwa 17.5, utapata digrii 17 barabara. Safari hii mkataba haukuiacha legua ikining'inia hewani. Kumbe Maluku, kwa vipimo vya leo, ilikuwa upande wa Wareno tangu mwanzo. Walinunua chao wenyewe.

Mwanafunzi aliniuliza basi aandike nini kwenye tafsiri yake. Nilimwambia aache "stadio" na "legua" kama zilivyo, asizigeuze kilomita, na kila zinapotokea aseme ni za nani na za mwaka gani. Alilalamika kwamba maelezo ya chini ya ukurasa yatakuwa marefu kuliko tafsiri. Nikamwambia aongeze karatasi.