Kleptomania: Je, Mgonjwa Huyu Anabeba Hukumu ya Mwizi?

Mtu akipigiwa kelele za "mwizi!" sokoni, iwe Mbuyuni mjini Moshi au Kariakoo, ni wachache wanaosimama kumuuliza kwa nini ameiba. Zamani, huko juu mlimani, Wachagga walikuwa na chungu cha laana. Aliyeibiwa asimjue mwizi alikitumia kumlaani mwizi huyo, awe nani, na laana iliogopwa hata na ukoo mzima. Kuvunja chungu hakujatoweka mpaka leo, na Muislamu hana ruhusa kwako. Lakini tutazame jambo moja tu: chungu, kama mawe ya sokoni, hakiulizi hali ya aliyeiba. Mafakihi wameiuliza tangu mwanzo.

Swali hilo limekuwa zito zaidi kwa sababu ya maradhi ambayo matabibu huyaita kleptomania. Mgonjwa huiba kitu asichokihitaji, mara nyingi cha thamani ndogo ambacho angeweza kukinunua: kalamu, kijiko, kitambaa cha jirani. Kabla ya kuiba hushikwa na dhiki inayopanda kifuani. Akishachukua hupata faraja ya muda mfupi, kisha haya na majuto. Kitu chenyewe hukitupa, hukificha au hukirudisha kwa siri. Matabibu wa Marekani wanakadiria watu 3 hadi 6 katika kila 1,000, na wanawake ni mara tatu ya wanaume. Hata kati ya wanaokamatwa wakiiba madukani, wagonjwa ni asilimia 4 hadi 24 tu. Basi msomaji asidhani kila mdokozi ni mgonjwa.

Maelezo ya maradhi haya yalianzia Ulaya. Mwaka 1816 tabibu wa Uswisi, André Matthey, aliyaandikia, na matabibu wa Ufaransa, Esquirol na Marc, wakayaeneza. Punde yakageuka kinga ya matajiri. Mwaka 1896 Ella Castle, mke wa mfanyabiashara wa San Francisco, alikamatwa London kwa kuiba madukani. Alihukumiwa miezi mitatu, na baada ya siku chache akaachiwa kwa ushahidi wa matabibu. Maskini aliyeiba mkate hakupata tabibu wa kumsemea. Hapa tunamkumbuka yule mwanamke wa Bani Makhzum, ambaye katika riwaya moja ya Muslim alikuwa akiazima vitu kisha akikana. Usama bin Zayd (r.a.) alipomwombea, Mtume (s.a.w.) alikasirika na kubainisha kuwa waliotutangulia waliangamia kwa kuwaacha wakubwa na kuwaadhibu wanyonge. Kwa hiyo udhuru huu ukikubaliwa, na akubaliwe nao kijana wa Kibosho asiye na kitu.

Sasa fiqhi. Katika madhehebu ya Shafi, wanayofuata Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, Imamu Nawawi (aliyefariki 676 Hijria) ameweka wazi katika Minhaj kwamba mtoto, mwendawazimu na aliyelazimishwa hawakatwi mkono. Mali nayo lazima ifikie robo ya dinari, karibu gramu 1.06 za dhahabu, iwe imetolewa mahali pa hifadhi yake, na pasiwe na shubha. Kalamu na vijiko haviifikii nisabu. Basi sehemu kubwa ya wizi wa mgonjwa huyu haingii katika haddi hata kabla ya kumtaja daktari. Ugumu uko kwa aliyechukua mkufu wa dhahabu.

Je, huyo ni mwendawazimu? Hapana. Anajua anachofanya, anajua ni haramu, anasali na kufunga. Ile hadithi ya kalamu kuinuliwa kwa watatu, ambayo Sayyidna Ali (r.a.) alimkumbusha nayo Sayyidna Umar (r.a.) katika kesi ya mwanamke mwenye wazimu, haimfuniki waziwazi. Je, amelazimishwa? Ikrahi ya mafakihi hutoka nje, kwa mtu anayekutishia. Msukumo wa nafsi ungekuwa ikrahi, kila mzinifu angedai udhuru. Kwa maoni yetu mlango wake ni shubha: tabibu muadilifu akithibitisha maradhi, sharti la hiari lenyewe limeingiwa na shaka, na haddi huondolewa kwa shubha. Wapo watakaohofu kuwa mlango huu ni mpana, na hofu yao ina msingi. Ndiyo maana neno la mshitakiwa peke yake halitoshi. Kadhi hubakiwa na taaziri, kuanzia onyo hadi kusimamiwa na kutibiwa.

Kutazama sababu si bidaa. Watumwa wa Hatib walipoiba ngamia wa mtu wa Muzayna, Sayyidna Umar (r.a.) aliona njaa nyuma ya wizi ule. Akaacha kukata, na bwana wao akatozwa dirhamu 800 kwa ngamia wa dirhamu 400. Na Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki 322 Hijria, alikwisha kuandika juu ya hasira, khofu, huzuni na wasiwasi kuwa maradhi ya nafsi yanayotibika kama ya mwili.

Tanzania haitekelezi haddi. Mshitakiwa wa Moshi huhukumiwa kwa Kanuni ya Adhabu. Kanuni ya Waingereza ya mwaka 1843, iliyotokana na kesi ya M'Naghten, hutazama ujuzi tu: alijua anachofanya, na kwamba ni kosa? Kifungu cha 13 cha sheria yetu kinaongeza la tatu, ambalo wanafunzi wengi hawalijui: mtu ambaye, kwa ugonjwa ulioathiri akili yake, hakuwa na uwezo wa kukizuia kitendo. Mzigo wa kuthibitisha ni wake, na akishinda si lazima arudi nyumbani. Anaweza kuwekwa Isanga, Dodoma, jirani na Mirembe iliyoanzishwa mwaka 1927.

Ni heri familia imfikishe hospitali kabla ya polisi. KCMC iko Moshi tangu 1971. Matabibu hutumia mazungumzo ya tiba, na jaribio dogo la mwaka 2009, la watu 25, lilionyesha kuwa naltrexone, dawa inayotumika pia kwa walevi, ilipunguza hamu ya kuiba.

Imamu atakayejiwa na mtu kama huyu asimwambie kuwa maradhi yamemfutia deni. Dhamana haianguki, hata mali ya mtoto na ya mwendawazimu hulipa walichoharibu. Kitu kirudishwe, au thamani yake, na si lazima ajitaje: imamu anaweza kukipeleka mwenyewe bila kutaja jina. Mwenye mali asipojulikana tena, thamani hiyo hutolewa kwa maskini au katika maslahi ya Waislamu.