Pombe na kasirani: namna ubongo wa mtu aliyezoea pombe unavyokosea kusoma sura za wenzake

Mama amerudi kutoka soko. Mgongo unamuuma, hajasema neno. Baba watoto amekaa kwenye kiti, na leo hajakunywa hata kopo moja. Anamuangalia mama, kisha anauliza: « Juu ya nini uko unaniangalia vile? Uko unanizarau? » Mama anashangaa, maana yeye amechoka tu. Dakika tano haziishi, ugomvi unasikika hadi kwa majirani.

Katika kartiye nyingi za kwetu watu watasema: « Ni tabia yake. » Wengine watasema amerogwa. Lakini tujiulize: kama leo hajakunywa, hii kasirani imetoka wapi? Sehemu kubwa ya jibu iko ndani ya ubongo. Pombe ya miaka mingi, iwe bia, kasiksi, lutuku au ile ya sashe, inaharibu namna ubongo unavyosoma hisia: za wengine, na za mtu mwenyewe.

Ubongo unasoma sura namna gani?

Ukikutana na mtu njiani, kabla hajafungua kinywa umeshajua kama ana furaha, ana huzuni au ana hasira. Kazi hiyo inafanywa na sehemu mbalimbali za ubongo. Moja ni amigdala, sehemu ndogo iliyo ndani sana, upande wa kulia na wa kushoto. Ni kama mlinzi wa usiku: akisikia kitu, anapiga kelele mara moja. Nyingine iko mbele, nyuma ya paji la uso. Hii ni kama mzee wa baraza: anamsikiliza mlinzi, anapima maneno, kisha anaamua kama kweli ni mwizi ao ni mbuzi wa jirani tu.

Kwa mtu mwenye afya, wawili hawa wanasikilizana. Pombe nyingi ya muda mrefu inamchosha mzee na kumvuruga mlinzi.

Pombe inafanya nini?

Mtu akikunywa, pombe inaongeza nguvu ya kemikali inayotuliza ubongo, inayoitwa GABA, na inapunguza ile inayouamsha, glutamati. Wamotari wataelewa haraka: pombe inakanyaga freni na kuachilia gaz. Ndiyo maana kopo la kwanza linaleta utulivu.

Lakini ubongo haupendi kukaa umefungwa freni kila siku. Unajizoesha: unalegeza freni zake na kuongeza gaz. Siku pombe inapokosekana, gaz inabaki juu na freni ni dhaifu. Mtu anatetemeka mikono, anatoka jasho, usingizi unakimbia, kila sauti inamshtua. Anakunywa tena, si kwa kutafuta raha bali kwa kutafuta kukaa sawa. Hapo hatuongelei tena mtu anayelewa siku ya arusi. Tunaongelea mtu ambaye mwili na ubongo wake vinategemea pombe.

Watafiti waliona nini?

Mwaka 1999, watafiti wa Ubelgiji, kati yao Pierre Philippot na Charles Kornreich, walionyesha picha za sura kwa watu waliokuwa wanamaliza matunzo ya kuacha pombe. Picha nyingine zilionyesha hisia kidogo, nyingine hisia kali. Waliwapa picha hizo hizo watu wasio na shida ya pombe, ili walinganishe.

Waliotegemea pombe walikosea zaidi, na waliona hisia kuwa kali kuliko ilivyokuwa kwenye picha. Na jambo la kutisha: wao wenyewe hawakuona kwamba kazi hiyo iliwashinda. Kwao, walichokiona kilikuwa kweli. Mtu anayejua kwamba haoni vizuri ataomba msaada. Yule asiyejua atakugombanisha.

Mwaka 2009, Pierre Maurage na wenzake, vilevile Ubelgiji, walionyesha kwamba shida haiishii kwenye uso. Inagusa pia kusoma sauti ya mtu na namna mwili wake unavyokaa. Mwaka huo huo, huko Marekani, Ksenija Marinkovic, Marlene Oscar-Berman na wenzao walipima ubongo wa watu waliokuwa wamekunywa miaka mingi na kisha wakaacha. Walipoangalia sura zenye hisia, amigdala zao zilijibu kwa udhaifu kuliko za watu wengine.

Hata hisia zake mwenyewe zinampotea

Wengi wanaotegemea pombe wanapata shida ya kutaja wanachosikia moyoni. Ukimuuliza: « Uko na nini? », anajibu: « Hakuna. » Mara nyingi hadanganyi. Ndani kuna huzuni, haya na woga, lakini vyote vinamfikia kama joto moja tu kifuani, na neno analolijua ni kasirani.

Kwetu huku mashariki jambo hili lina uzito wa pekee. Kuna watu wengi waliokimbia vita, waliozika ndugu, walioona mambo ambayo macho hayasahau. Mmoja atakuambia: « Nisipokunywa, silale. » Pombe inamlaza kweli, lakini inakata usingizi katikati ya usiku, na kesho woga unaamka na nguvu zaidi. Deni la jana linalipwa kwa deni jipya.

Akiacha, ubongo unapona?

Ndiyo, lakini polepole. Wiki za kwanza ni ngumu: hisia zinapanda na kushuka, kitu kidogo kinamliza ao kinamkasirisha. Kisha kichwa kinaanza kutulia. Lakini kazi ya Kornreich na wenzake ya mwaka 2001 ilionyesha kwamba kukosea kusoma sura kunaweza kubaki hata kwa watu walioacha kwa zaidi ya miezi miwili. Ndiyo sababu jamaa wanasema: « Ameacha pombe lakini kasirani imebaki, basi ni roho mbaya. » Hapana. Ni kidonda ambacho hakijafunga.

Angalisho: mtu anayekunywa sana kila siku asiache ghafla peke yake nyumbani. Kati ya siku ya kwanza na ya tatu anaweza kuanguka kama mwenye kifafa, ao kuona na kusikia vitu visivyokuwepo. Hali hiyo inaweza kuua. Tetemeko kali, kuchanganyikiwa ao kuanguka: apelekwe kituo cha afya saa hiyo hiyo. Munganga ana dawa za kutuliza ubongo, na atampa vitamini B1, ambayo mara nyingi inapunguka kwa wanywaji na ambayo ukosefu wake unaharibu ubongo.

Familia ifanye nini?

Usimwachie asome uso wako. Mwambie kwa maneno. « Nimechoka, sikukasirikii. » Sema kwa sauti ya chini. Mazungumzo mazito, kama pesa ao shule ya watoto, yasubiri saa ambapo hajakunywa na ametulia. Yeye naye ajizoeshe kuuliza kabla ya kujibu: « Umekasirika, ao umechoka? » Swali dogo hilo linaweza kuzima moto mkubwa.

Lakini tuseme wazi: kujua sababu si kutoa ruhusa. Ubongo uliochoka haumpi mtu haki ya kupiga bibi wala watoto. Kukiwa na kipigo, usalama unatangulia. Ondokeni, mwiteni jirani, mzee wa familia ao kiongozi wa avenyu.

Anzeni na kituo cha afya kilicho karibu. Kwa matunzo ya akili kuna SOSAME huko Bukavu, Tulizo Letu huko Goma, na Joseph Guislain huko Lubumbashi. Kwenda huko si kusema mtu ni mwendawazimu.

Na wewe unayesoma hapa huku ukijitambua: kesho asubuhi, ukiona sura ya mtu imekukasirikia, mngojee kidogo. Muulize. Pengine amechoka tu.