Hemingway Mikononi mwa Wahakiki wa Kisovieti

Riwaya ya kigeni haimfikii msomaji ikiwa peke yake. Kuna mhariri aliyeichagua, mfasiri aliyeipa sauti mpya na mhakiki aliyeiandikia utangulizi wa kueleza isomwe vipi. Pale dola inapokuwa na itikadi moja, kauli ya mhakiki huwa nzito kuliko zote. Safari ya kazi za mwandishi wa Marekani Ernest Hemingway katika Umoja wa Kisovieti ni ushahidi wa jambo hilo.

Agosti 1934, mkutano mkuu wa kwanza wa waandishi wa Kisovieti ulifanyika Moscow na kuutambua uhalisia wa kijamaa kuwa njia rasmi ya fasihi. Katika mkutano huo mwanasiasa wa kikomunisti Karl Radek alimshambulia vikali mwandishi wa Ireland James Joyce, akaifanya kazi yake kielelezo cha uozo wa ubepari. Hata hivyo, mwaka huohuo mhakiki na mfasiri Ivan Kashkin alitoa mkusanyiko wa hadithi fupi za Hemingway kwa Kirusi. Alimtambulisha kama fundi stadi aliyenyimwa na jamii yake kitu cha kuamini. Maelezo hayo yaliwaridhisha wakubwa, na hadithi zikawafikia wasomaji. Mwaka 1936 Evgenia Kalashnikova, mfasiri wa kundi la Kashkin, akatoa tafsiri ya A Farewell to Arms. Hemingway mwenyewe alikuwa amemwandikia Kashkin barua mwaka 1935, akimweleza kwamba hawezi kuwa mkomunisti kwa kuwa anaamini uhuru.

Vita vya Hispania vilipozuka mwaka 1936 na Hemingway akasimama upande wa Jamhuri, wahakiki wa Moscow walifurahi: sasa mwandishi huyu ameiona njia. Furaha hiyo haikudumu. Katika For Whom the Bell Tolls, riwaya yake ya vita hivyo iliyotoka mwaka 1940, alimchora André Marty, kiongozi wa kikomunisti kutoka Ufaransa, kuwa mtu wa shuku aliyewaua hata wenzake. Tafsiri ya Kirusi ya Kalashnikova na Natalia Volzhina ilikamilika, lakini haikuchapishwa. Nakala zilizopigwa taipu zikasomwa kwa siri.

Ukimya huo kuhusu Hemingway ulivunjika mwaka 1955, miaka miwili baada ya kifo cha Stalin, wakati jarida jipya la Inostrannaya Literatura lilipochapisha The Old Man and the Sea. Mwaka 1959 zikatoka juzuu mbili za kazi zake, na picha ya mwandishi huyo mwenye ndevu ikatundikwa katika nyumba nyingi za wasomi. Riwaya ya Hispania ilisubiri hadi mwaka 1968, nayo ikatoka ikiwa imekatwa baadhi ya vifungu.

Ni rahisi kumhukumu Kashkin kuwa mtumishi wa itikadi. Alikuwa hivyo, lakini utangulizi wake ndio uliowafungulia wasomaji kazi ambazo vinginevyo zingezuiwa. Wasomaji nao hawakuishia kwenye maelezo yake. Walipata kwa Hemingway namna ya kusema machache bila kudanganya, jambo lililokuwa adimu katika maandishi rasmi ya wakati wao. Kwa hiyo historia ya tafsiri haikamiliki kwa kulinganisha matini mbili pekee. Lazima tusome pia dibaji na hakiki, tuulize ni vifungu gani vilikatwa na kwa amri ya nani, na tuwape wafasiri waliofanya kazi bila hakika ya kuchapishwa nafasi wanayostahili.