Mamitu, aliyewafundisha madaktari kushona

Dada zangu, hasa bi harusi watarajiwa, mjueni Mamitu Gashe wa Ethiopia. Aliozwa mdogo kijijini, akakaa na uchungu siku nne, mtoto akafa, naye akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kuzuilika. Mwaka 1962 Catherine Hamlin na mumewe Reginald walimtibu Addis Ababa. Akabaki hospitalini akitandika vitanda, kisha akisaidia chumba cha upasuaji, mwishowe akapasua mwenyewe. Shule hakuwa amekwenda! Lakini madaktari wenye shahada walisimama kando yake wajifunze kushona tundu hilo. Na kwa kuwa fistula huzuilika mkunga akiwahi, mwaka 2007 Hamlin alifungua chuo cha wakunga, kinachochukua wasichana wa vijijini warudi kuzalisha kwao.