Unga, Arosto na Posa

Sisi wa Zinga tulizoea walevi wa mnazi. Unga, yaani heroini, ulianza kuenea visiwani na pwani yetu miaka ya 1980. Vijana waliuvuta kwanza, sindano zikafuata. Mji mdogo huu, kila teja tunamjua mama yake, wengine tumewashonea.

Akiukosa hupata arosto: mwili unauma, anaharisha, halali. Ndiyo maana "nikioa nitaacha" humshinda hata aliyeahidi kwa moyo. Februari 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni, dawa ya maji anayoinywa kila siku mbele ya mhudumu. Ikipimwa sawasawa hailewi mtu, inazuia arosto.

Bibi harusi, mchumba akikwambia anaitumia, usikimbilie kurudisha posa. Muulize ameanza lini, na kama kituoni hakosi.