Mzaha wa Wahitimu na Mahali pa Mzazi katika Pwani ya Tanga

Hakuna jambo katika malezi ya watu wa pwani ya Tanga, tangu Jasini na Moa upande wa kaskazini mpaka Pangani upande wa kusini, ambalo wazee wetu walilifikiri kwa makini zaidi, na ambalo sisi tumelisahau kwa wepesi zaidi, kuliko hili: kwamba kijana anapomaliza hatua moja ya umri na kukanyaga ya pili, ikiwa ni kutoka kumbini, kuhitimu msahafu, kumaliza kazi kwa fundi wake au kuingia nyumba ya ndoa, hana budi apewe siku zake za mzaha na utundu, na kwamba mtu wa mwisho afaaye kuusimamia mzaha huo ni baba yake au mama yake aliyemzaa.

Mzazi hakukosa kazi. Kazi yake ilikuwa kubwa na ya gharama, nayo iliutangulia mzaha na kuufuata. Yeye ndiye aliyepima kwamba mwana amewadia, akatafuta mtu mwaminifu wa kumkabidhi, akaweka akiba ya mchele, mbuzi na nguo, na siku ilipotimu akatoa kilemba kwa yule aliyemfunza mwanawe, awe mwalimu wa chuo cha Kurani, ngariba au fundi wa majahazi. Lakini kati ya siku ya kukabidhi na siku ya kupokea palikuwa na muda ambao baba alikaa barazani na mama akakaa uani, wakisikia vicheko na kelele kwa mbali, wala hawakuuliza kinachotendeka, maana kutouliza kwao ndiyo iliyokuwa itifaki yenyewe.

Nayaandika haya kwa sababu suala limerejea kwa sura mpya. Huko Marekani wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sekondari wana desturi ya kuifanyia skuli yao vituko kabla ya kuiaga, na wazazi wamegawanyika: wako wanaowanunulia watoto vifaa vya utundu huo na kukesha nao ili wasivuke mpaka, na wako wanaosema kwamba mzazi akishaingia humo, mzaha umekufa na heshima imeondoka. Kwetu nako, wanafunzi wa kidato cha nne na cha sita wanapomaliza mitihani, wengi huandikiana majina na maneno ya kuagana juu ya mashati meupe, humwagiana maji na kupakana unga, na mara nyingine furaha hugeuka uharibifu wa madawati na vioo. Ndipo walimu huwauliza wazazi, na wazazi huwauliza walimu, kila mmoja akidhani dhamana ni ya mwenziwe. Wazee wa pwani wasingeulizana hivyo, kwa kuwa walikwisha kata shauri zamani kwamba dhamana hiyo si ya huyu wala ya yule.

Asili ya shauri hilo ni kuoneana haya. Baba hakutamka neno la upuuzi mbele ya mwanawe, na mwana hakuangua kicheko mbele ya baba. Mambo ya mwili na ya ndoa hayakupita vinywani mwao hata kidogo. Pazia hilo lilifunguka kwa kuruka kizazi kimoja: babu na mjukuu walikuwa watani, bibi akimwita mjukuu wake wa kiume mume wangu, na babu akimwita binti wa mwanawe mke wangu, kisha wakitupiana maneno ambayo kati ya baba na mwana yangehesabiwa matusi na kuhitaji kuombwa radhi. Mabinamu, watoto wa shangazi na wa mjomba, walikuwa na idhini kama hiyo. Atakaye kuona jinsi idhini hii ilivyokuwa kazi yenye ada na kanuni zake, na aitazame arusi. Bwana arusi amefika na kundi lake, hoihoi na vigelegele vimeijaza njia, lakini mlango wa chumba umefungwa, na aliyeketi kizingitini ni bibi wa binti, amejifunga kanga kiunoni, akidai kwamba kijana huyu amekuja kumchukulia mke mwenziwe bila ya ruhusa, akimsuta kwa wembamba wa miguu yake na kwa ubahili wa ukoo wake, akiikataa noti ya kwanza, akiigeuza ya pili huku na huku kama mtu aliyeshikishwa fedha bandia, mpaka apate kifungua mlango kinachomridhisha. Muda wote huo mama mzazi yuko ndani na shughuli zake, uso ameuinamisha, wala hatii neno. Haki yake yeye ni mkaja, na haki ya baba ni kilemba, nazo hupokewa kwa taadhima bila ya makelele.

Kumbini utaratibu ulikuwa mkali zaidi. Wavulana walitolewa majumbani wakapelekwa nje ya mji, wakatahiriwa na ngariba, wakakaa huko mpaka vidonda vikapona. Mama hakukanyaga mahali hapo, naye baba, hata alipokuwa na njia ya kufika, hakuwa na amri. Amri ilikuwa ya ngariba na ya wale waliokwisha pita kumbini, ambao waliwafanyia wari, yaani hao waliotahiriwa, kila namna ya hila, wakiwatega kwa mafumbo ambayo jibu lake halikupatikana kwa akili bali kwa kuambiwa, wakiwaimbisha nyimbo ambazo mjini zingewaletea bakora, wakiwatia hofu na kuwacheka kisha wakiwafunza, ndani ya hofu hiyo na kicheko hicho, namna ya kumstahi mkwe, kumzika maiti na kuishi na mke. Mambo hayo yote yalikuwa na mwisho unaojulikana na kila mtu. Siku ya kutoka, wari walikogeshwa, wakavikwa nguo mpya alizozitoa baba, wakarudishwa mjini kwa ngoma, na tangu saa ile siri za kumbini hazikutajwa tena mbele ya asiyehusika. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na ambaye maandishi yake yamo katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, alizieleza jando na unyago za Mrima kwa kirefu, na mtu wa Tanga akimsoma hujiona yuko kwao.

Nyuma ya pwani, katika nchi ya Bonde, Wabondei walikuwa na galo yao, yaani ada ya kuwatia vijana utu uzima, nayo ilipambana uso kwa uso na wamisheni wa Kiingereza wa UMCA waliojenga kituo chao Magila katika karne ya 19. Wamisheni hao, watu wema na wenye bidii, waliona matusi na vitisho vya galo wakaichukia, na kwa mtazamo wa dini yao walikuwa na hoja. Lakini sidhani waliona sawasawa kwamba ndani ya matusi yale mlikuwa na mkono wa mtu mzima uliojua wapi pa kusimama.

Kuhitimu msahafu kulikuwa na furaha nyepesi kuliko hizo. Mtoto aliyekabidhiwa kwa mwalimu wa chuo akiwa hajui alifu alitoka humo, baada ya miaka, akiwa amekhitimu juzuu zote 30. Akavikwa kanzu na kofia mpya, wenzake wakamtembeza mitaani kwa kaswida, na wanafunzi wa chuo kizima wakapata siku ya kutoshikwa na fimbo, wakala bisi na halua na kumcheza shere hata khalifa aliyekuwa akiwachapa kwa niaba ya mwalimu. Mzazi alipika, akatoa sadaka na kilemba cha mwalimu, akaketi na wageni.

Na pale ambapo hapakuwa na babu, alikuwapo mtani. Jambo hili linahusu Tanga kuliko miji mingi, kwa sababu ya mkonge na reli. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza kutoka Florida miche 1,000 ya mkonge, nayo iliyofika hai ikawa 62 tu, na kutokana na hiyo 62 yakaota mashamba yaliyoifunika nchi tangu Pangani na Muheza mpaka Korogwe. Reli iliyoanzia Tanga ikafika Mombo mwaka 1905 na Moshi mwaka 1911. Na manamba wakaja kutoka Unyamwezi, Usukuma, Uha na kwingineko, vijana walioacha babu zao umbali wa safari za majuma. Kambini mwao walikuta kwamba watu wengine, ambao babu zao walipigana au kusafiri na babu zao, ni watani wao, na kwamba mtani ana haki ya kumtukana mtu, kumnyang'anya kofia, kumwagia maji siku ya furaha, wala aliyetaniwa hana haki ya kughadhibika. Msibani ndiko haki hiyo ilikotisha zaidi: kaburi limekwisha chimbwa, maiti iko mabegani, mtani akashuka mwanandani, akajilaza chali, akasema hapa ni pangu, mtafutieni marehemu kwingine, wala hakutoka mpaka apewe chake, wafiwa waliokuwa wakilia wakajikuta wanacheka na machozi yako mashavuni. R. E. Moreau, mtaalamu wa ndege aliyefanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, milimani Usambara, aliona utani una uzito wa kutosha hata akauandikia makala marefu yaliyotoka mwaka 1944. Nalithamini hili kwa dhati, kwamba kutoka katika milima yetu mtu aliyekuja kuhesabu ndege alisimama kuwasikiliza watu wanavyotaniana.

Skuli ndiyo iliyoipindua itifaki hii, ingawa haikukusudia. Skuli ya kwanza ya serikali katika Afrika Mashariki ya Kijerumani ilianzishwa Tanga mwanzoni mwa miaka ya 1890, wakati mkuu wa wilaya alipokuwa Saint Paul-Illaire, yule ambaye ua la urujuani la milima ya Usambara lilipewa jina lake. Wazazi wa pwani hawakuiamini, wakihofia dini ya watoto wao. Serikali ikafikiri kumweka mwalimu wa Kurani ili kuwavuta, na wamisheni wakapinga. Hata hivyo ilikua, ikawa na bendi ya tarumbeta, ikawa na gazeti lake, Kiongozi, lililochapwa mjini humo mpaka Vita Kuu ya Kwanza, na vijana wake wakawa makarani na walimu wa nchi nzima. Wavulana wa Bonde nao walivuka bahari kwenda Kiungani, Unguja, wakalala huko miezi kwa miezi. Baba akakabidhi kama alivyokabidhi zamani. Mwalimu akashika nafasi ya mzazi na fimbo ya mzazi. Lakini nafasi ya babu, ya ngariba na ya mtani haikushikwa na mtu. Haikuwamo katika ratiba, wala mkaguzi hakuiuliza.

Vijana wenyewe ndio walioijaza, kwa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa njema: mitaani walijiunga na ngoma ya beni, wakajigawa Marini na Arinoti, wakajipa vyeo vya Kaisa na jenerali, wakavaa kama maofisa na kuandamana kwa tarumbeta na ngoma kubwa, wakiwaiga watawala wao kwa namna ambayo mtawala hakujua akasirike au apige makofi. Beni ilikuwa na wafadhili na viongozi watu wazima waliotoza faini na kuamua ugomvi, na kwa hiyo, pamoja na ubadhirifu wake ambao wazee wa dini waliulaumu, naihesabu kuwa mrithi halali wa kumbi. Njia ya pili ndiyo ya mabwenini: wakubwa wa kidato wakawageuza wadogo kuwa wari wao, wakawaita njuka, wakawafulisha nguo na kuwaimbisha usiku juu ya vitanda, na walipomaliza masomo wakageuzia utundu wao majengo. Nilisoma katika bweni moja la namna hiyo, nami nakumbuka kwamba kilichotisha hakikuwa dhihaka, maana dhihaka nyumbani tulizizoea kwa babu zetu. Kilichotisha ni kwamba hakuna aliyejua mwisho wake ni lini. Mkubwa wa miaka 17 alishika kazi ya ngariba bila ya kufunzwa wapi pa kukomea, na hapakuwa na siku ya kuogeshwa.

Basi nikisikia leo kwamba dawa ni wazazi kuingia ndani ya utundu wa wanaohitimu, wawe pamoja nao na kuucheza, moyo wangu haukubali. Mzazi anayempaka mwanawe unga usoni mbele ya wenziwe ameitoa bure haya ambayo ataihitaji kesho yake, mtoto atakapokuja kwake na jambo la kweli. Wala sikubali kwamba utundu upigwe marufuku kwa matangazo ya polisi. Ipo njia nyingine: mpaka sasa, kila Mfungo Sita, mwezi wa Maulidi, unapoingia, madrasa za Tanga, na Shamsiya ikiwa mashuhuri miongoni mwao, hutoka kwa zafa, na katika zafa mzazi hajui kinachofanywa katika safu ya mwanawe, wala hana haja ya kujua, kwa sababu kila safu ina mkubwa wake anayejulikana kwa jina na kwa ukali wake.

Mahafali za skuli hazina mtu huyo. Katika kadi za mahafali zilizopata kunifikia mmeandikwa jina la mgeni rasmi, la mkuu wa skuli, la mwenyekiti wa bodi na la mwakilishi wa wazazi, na katika ratiba mna risala, burudani, vyeti na chakula. Babu na bibi huja kwa basi la alfajiri kutoka Muheza au Mkinga, wakaketishwa viti vya nyuma chini ya turubai, wakapewa soda, na hakuna anayewaambia kwamba wajukuu zao, wale wanaonong'ona nyuma ya madarasa huku wakifungua pakiti za unga, wanawahitaji kule.