Ahadi ni Deni: Wasami, Wamaasai na Mikataba Yao



Tukipata wageni kutoka nyumbani huwatembeza Gamla stan kuona kasri la mfalme. Ni wachache wetu wanaowaonyesha jengo la Bonde lililo jirani, makao ya Mahakama ya Juu ya Sweden. Mahakama hiyo, tarehe 23 Januari 2020, iliwapa ushindi Wasami wa jumuiya ya wafugaji ya Girjas, huko kaskazini, katika kesi waliyoifungua dhidi ya serikali mwaka 2009. Sasa wao ndio wanaotoa vibali vya kuwinda wanyama wadogo na kuvua samaki katika eneo lao.

Kwetu tuliotoka Afrika Mashariki, kisa hiki kina mwangwi. Mwaka 1751, Sweden na Denmark-Norway zilipochora mpaka, mkataba wao ulipewa nyongeza ya vifungu 30 kuhusu Wasami. Wafugaji waliruhusiwa kuvuka mpaka na ren wao, mnyama wa jamii ya kulungu, kufuata malisho kama walivyozoea, hata wakati wa vita. Lakini Wasami wenyewe hawakutia sahihi. Mwaka 1919 Sweden na Norway zilifanya mkataba mwingine uliopunguza malisho ya ng'ambo, na familia nyingi za Karesuando zikahamishiwa kusini, mbali na makwao.

Wamaasai wao walitia sahihi. Mwaka 1904 Olonana na wazee wengine waliafikiana na Waingereza: Wamaasai waondoke Bonde la Ufa, wapewe Laikipia na eneo la kusini, na ahadi hiyo idumu maadamu Wamaasai wapo. Haikufika miaka saba. Mkataba wa 1911 uliwataka waondoke Laikipia pia, ili walowezi waichukue. Ole Gilisho na wenzake wakaenda mahakamani Mombasa mwaka 1913. Wakajibiwa kwamba Wamaasai ni taifa la kigeni, na mkataba baina ya dola na dola hausikilizwi na mahakama ile. Siku ya kuhamishwa walikuwa watawaliwa. Siku ya kudai haki wakageuzwa dola!

Girjas haikushinda kwa mkataba. Ilishinda kwa kuthibitisha kwamba Wasami wameitumia ardhi ile tangu enzi na enzi, na sehemu kubwa ya ushahidi ilitoka katika makaratasi ya karne ya 18. Mkataba bila mahakama ya kuusikiliza ni karatasi tu, lakini karatasi ikitunzwa huweza kumsubiri hakimu.

Agosti 2004, mkataba wa Olonana ulipotimiza miaka 100, Wamaasai waliandamana kuidai Laikipia. Deni halijasahauliwa. Basi tukienda likizo nyumbani, tuwaulize wazee wetu walihamishwa kutoka wapi, mwaka gani, na nani aliahidi nini. Tuandike majibu yao, wangali hai.